Jina Lililoachwa Nje ya Mashine

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye benchi dukani kwa binti yangu Neema, Kilosa mjini, namngojea amalize kazi twende sokoni. Dukani kwake anachapa na kutoa kopi. Fundi akaifungua kompyuta yake na kuipuliza ndani kwa kile kifaa chao cha upepo. Vumbi lililotoka lilikuwa na joto, na harufu yake ikanishika: vumbi lililoungua kidogo, plastiki iliyopata moto, na kitu kama sarafu ya zamani ukiiweka ulimini.

Neema alikuwa anauliza, "Sasa fundi, tuhangaike nayo hivihivi au tuifute tuanze upya?"

Nikajikuta nimesimama. "Msifute!"

Wakanitazama wote wawili. Mimi, niliyeishia darasa la tano, ambaye hata vocha kwenye simu naingiziwa na wajukuu, nimesimama pale natoa amri kwenye mambo ya kompyuta.

"Mama, umeingiwa na nini?"

"Nipe maji kwanza," nikasema, nikakaa.

Nilizaa mapema, na wanangu wakazaa mapema, kwa hiyo ubibi ulinikuta meno yakiwa kamili. Sasa yananihama moja moja kama wapangaji. Majina ndiyo hayanihami. Wenzangu wa rika langu mtaniambia kama na ninyi mko hivyo, kwamba jambo la jana linapotea lakini jina la mtu aliyepita mlangoni kwenu mkiwa watoto lipo palepale, na sauti yake. Kwangu mimi majina hayo yaliingia kwa hofu. Na hofu ile ilikuwa na harufu ya vumbi la moto.

Tulikuwa tunakaa kwenye shamba la mkonge, huku kwenye tambarare za Kilosa. Ukisimama mlangoni kwetu unaona mistari ya mkonge inakwenda mpaka macho yanachoka. Nyumba zetu, zilizojengwa kwa safu, ziliitwa laini, na waliozikaa mwanzo walikuwa wameletwa kutoka mbali, Songea, Kigoma, Urundi, Msumbiji, wakaoana na wenyeji, wakazaa, wakazikwa. Sisi wajukuu wao hatukuwa na kwingine. Harufu ya korona, yaani ule mtambo wa kusaga majani ya mkonge, ilikuwa ya uchachu, inaingia kwenye nguo, inaingia kwenye ugali. Mgeni akija anaziba pua, sisi tunamcheka.

Baba alikuwa karani wa ofisi ya shamba. Aliitwa Kasiani, Mngoni aliyezaliwa hapohapo kwenye laini. Mama, Agnesi, alikuwa Mkaguru, kwao upande wa Magole. Shamba lilikuwa la serikali, na sasa serikali ilikuwa inaliuza. Zilikuwa zile siku wakubwa walisema mambo yamefunguliwa: mitumba imejaa sokoni, sabuni za kunukia zipo, mwenye uwezo anaruhusiwa. Mimi nilichokiona ni watu kufunga midomo. Barazani ambako walikuwa wakicheka, sasa walikaa wananong'ona. "Huyo tajiri mpya atabaki na nani?" Ndilo lilikuwa swali, asubuhi na jioni.

Kabla tajiri hajaonekana, ikaja kompyuta yake. Ililetwa ndani ya boksi, imefungwa kama mgonjwa, na baba akapelekwa Morogoro kujifunza kuitumia. Aliporudi alitembea tofauti. Mama akafuma kitambaa cheupe cha kuifunika, kama tulivyofunika redio. Ilikaa chumba cha pembeni chenye wavu dirishani, ikala umeme wa jenereta la korona, na baba akaanza kurudi nyumbani shati likinuka lile vumbi la moto. Kazi yake ilikuwa kuingiza humo wafanyakazi wote wa shamba, mmoja mmoja, na nyumba zao, ili tajiri ajue amenunua shamba lenye nani.

Sasa nisikilizeni jinsi mtoto anavyoelewa mambo. Kulikuwa na mkata mkonge mzee, Mzee Yoramu, amekonda kama singa ya mkonge. Siku moja alisimama nje ya ule wavu, na mimi nilikuwa nimempelekea baba chakula. Baba akabonyeza, akatazama kioo, akabonyeza tena. Akasema taratibu, "Mzee wangu, mashine haikuoni."

Mzee Yoramu akavua kofia, akausogeza uso mpaka ukagusa wavu, ili aonekane vizuri.

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wiki ileile trekta lilikuja laini ya nne, likapakia kitanda cha Mzee Yoramu, tenga la kuku, na mkewe Bi Tabu juu ya magodoro akiwa amejifunika uso kwa khanga. Wakaondoka, na hawakurudi. Leo najua kwamba jina lake halikuwamo kwenye makaratasi ya zamani ambayo baba alikuwa akiyanakili. Lakini wakati ule nilijua jambo jingine, na nililijua kwa uhakika: mashine ile ina jicho, na asiyeonwa na jicho lile huchukuliwa na trekta. Tangu siku ile nikipita mbele ya ofisi nilipunguza mwendo, nikainua kidevu, na mdogo wangu niliyembeba mgongoni nikamhamishia begani, ili naye aonekane.

Mdogo wangu huyo ndiye habari yenyewe.

Kabla yake mama alizika wawili, wote hawajatembea. Alipozaliwa huyu wa tatu, walimfanyia kama walivyofanyiwa watoto wa namna hiyo kwetu. Alfajiri mama alimviringisha kwenye kipande cha gunia, akamlaza jalalani nyuma ya laini, kwenye maganda na majivu, akageuka akaondoka bila kutazama nyuma. Nilikuwa nimejibanza ukutani, naona mabega yake yanavyotikisika. Mara akatokea jirani yetu Bi Zuhura binti Saidi, Mmanyema wa laini ya pili, muuza vitumbua, ana ufagio mkononi utafikiri anapita zake.

"Jamani! Nani katupa mtoto? Haya, wangu huyu! Nimemwokota mimi!"

Akaenda naye kwake. Baadaye mama akapiga hodi kwa Bi Zuhura kama mtu asiyejua kitu, akamnunua mtoto kwa kuku mwekundu. Bi Zuhura ndiye aliyempa jina: Majalala. Maana yake ilikuwa kwamba kile kinachochukua watoto wa Agnesi kikija kumtafuta mtoto wa Agnesi kisimkute. Kimkute wa Zuhura, tena takataka, tena wa dini nyingine, kipite.

Alikuwa na jina la kweli pia. Lilikuwa la babu yetu aliyetembea kwa miguu kutoka Songea. Baba alimnong'oneza nalo sikioni mara moja tu, na nililisikia kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimempakata. "Halitajwi mpaka meno ya utoto yatoke," mama akaniambia, huku amenishika sikio. "Umesikia? Hata ukiwa peke yako chooni." Nikalimeza.

Basi, ikaja amri kwamba kila mfanyakazi aandikiwe wategemezi wake kwenye mashine, ili zahanati ya shamba ijue nani wa kumtibu. Baba alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Alipofika kwenye nyumba yake mwenyewe, aliona mashine haitaki utani. Akaandika jina la kweli.

Hatukujua. Tulikuja kujua zahanati, siku ya kupima watoto uzito. Kina mama wamejaa kwenye benchi, watoto wanalia, na muuguzi Sista Ritha ameshika lile karatasi refu la mashine lenye matundu pembeni, anaita. Akaita jina. La babu. Kwa sauti, mbele ya watu wote na milango imefunguliwa.

Mama hakujibu. Sista Ritha akaita tena, akainua macho. "Jamani, huyu wa Kasiani yuko wapi?" Mimi mdomo ulitaka kufunguka wenyewe, mama akanifinya paja mpaka nikaona nyota.

"Huyo hayupo," mama akasema.

Tukaondoka bila kupima. Njiani alitembea upesi, Majalala kifuani na si mgongoni, khanga imemfunika mpaka utosini. Jioni alimngojea baba mlangoni.

"Baba Majalala. Umemwandika nani kwenye mashine yako?"

Baba alivua viatu taratibu. "Nimemwandika mwanangu."

"Umemwita hadharani."

"Mama Majalala, ni kazi ya ofisi ile. Nikiandika 'Majalala' huyo tajiri ataona tunafanya mzaha."

"Tajiri!" mama akasema. "Mimi namwogopa ambaye si tajiri."

Haikupita wiki, Majalala akashikwa na homa. Na siku zilezile, sikilizeni, mashine nayo ikaanza kuugua.

Baba alikuja kula mchana, akasogeza sahani pembeni. "Inaandika alama nisizoziandika," alimwambia mama, ingawa walikuwa hawasemeshani vizuri. "Naita Salehe, inaniletea watoto wa Joakimu. Halafu inaganda. Na ndani inagonga, ko, ko, ko, kama kuku anadonoa bati." Nilimtazama Majalala kwenye mkeka. Macho yake yalikuwa yanang'aa, midomo imepasuka, na kifua kinapanda na kushuka haraka. Nikaweka kiganja pale. Kilikuwa kinagonga vilevile. Hakuna mtu angenishawishi kwamba yale yalikuwa mambo mawili.

Wakamwita fundi. Alikuwa Mikumi, akitengeneza mashine ya hoteli ya wageni wanaokuja kutazama wanyama, kwa hiyo alifika ana vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Fundi Deo, kijana mcheshi, kalamu mfukoni, bisibisi kwenye soksi. Baada ya kuiangalia mashine, baba alimleta kwetu kula. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia "Marahaba, mama mkubwa," akanawa, akaanza kumega ugali.

"Karani, mashine yako inaumwa kweli," akasema.

"Inapona?"

"Inaweza. Nikiitengeneza kidogokidogo, nifungue faili moja moja, hapa nizibe, pale nishone. Lakini umeme wa jenereta lenu umeipiga sana. Naweza kumaliza leo, kesho ikalala mazima. Na majina itakayoyarudisha siwezi kuapa kama ni ya kweli."

"Au?"

"Au naifuta yote, naipakia upya. Itaamka kama mtoto mchanga. Haitamjua mtu."

Baba akaacha kutafuna. "Haitamjua mtu."

"Hata wewe hapo haitakujua."

"Na zile disketi nilizokuwa nahifadhia?"

"Nimeziona. Moja imeota ukungu, nyingine ni ya kabla ya masika na nusu yake haisomeki. Hata muhogo ukikaa hivyo, kaka, hauliwi."

Mama alikuwa mlangoni na sufuria ya mlenda. Kwetu mwanamke haingilii mazungumzo ya wageni, lakini mama akasema, "Futa."

"Mama Majalala, hujui unachosema."

"Nakijua. Jina la mtoto liko mle, wazi, kama chungu kisicho na kifuniko. Tangu litoke, mtoto hajashika chakula. Futa."

"Nikifuta, laini zote zimekwenda!" Baba hakuwa na kawaida ya kupaza sauti. "Mtu wa tajiri anakuja mwisho wa juma. Akikuta kioo kitupu, atasema hapa hakuna watu. Unataka Bi Zuhura aende wapi? Salehe aende wapi? Sisi twende wapi?"

Mimi nilikuwa chini ya dirisha, nimeshika mguu wa Majalala, mguu wa moto. Nilielewa yote, kwa namna yangu. Baba akifuta, mashine haitamwona mtu yeyote, na trekta litakuja kubeba dunia nzima. Baba asipofuta, Majalala atakufa. Sikuwa na mtu wa kumuuliza kama kuna njia ya tatu. Haja ndogo ilinitoka palepale nilipokaa, nikiwa mtoto mkubwa wa shule, na sikusogea.

Baba akaamua itengenezwe. Wakakaa nayo ofisini kuanzia asubuhi, mfuniko umetolewa, matumbo yake nje. Niliwapelekea chakula nikasimama mlangoni, sikuthubutu kuingia. Fundi Deo akigusa mahali, ile ko, ko, ko inanyamaza, nami napumua. Inaanza tena, nami nakimbia nyumbani kuangalia mkeka. Majalala alikuwa halii tena. Hilo lilinitisha kuliko kulia.

Nyumbani vita vilikuwa vingine. Bi Zuhura alikuwa amekuja na maji ya mwarobaini, akamgusa mtoto, akasema, "Agnesi, huyu ni wa zahanati."

"Siendi. Yule muuguzi atamwita tena."

"Basi abaki hapa afe na jina zuri?"

"Dada Zuhura, usiniambie hivyo."

"Nakuambia. Mtoto si wangu? Si niliuza tu kwa kuku, kuku mwenyewe alikuwa mgonjwa!" Akamnyakua, akamfunga mgongoni. "Nampeleka mimi. Wewe kaa na woga wako." Akanishika mkono na mimi.

Zahanati Sista Ritha aliweka kipimajoto, akashtuka, akavuta lile karatasi. "Jina?"

"Majalala," Bi Zuhura akasema.

Kidole kikashuka, kikapanda. "Mtegemezi wa nani?"

"Wa Karani Kasiani."

"Karani ana mtoto wa kiume, lakini si Majalala. Majalala hayumo. Bibi, tumekatazwa kutibu asiyekuwemo humu. Mwambieni karani aje mwenyewe."

Hapo ndipo mtoto alipokakamaa. Macho yakageuka, yakabaki weupe mtupu, mikono inatetemeka. Degedege. Bi Zuhura hakubishana. Alitoka mbio na mimi nyuma yake, njia ya ofisini, jua la saa nane linachoma, viatu vyake vimebaki njiani. Tukafika kwenye wavu. "Kasiani! Kasiani, toka!"

Baba akatoka na Fundi Deo. Alipomwona mtoto, baba akawa rangi ya majivu.

"Zahanati wamesema hayumo," Bi Zuhura akasema, anahema.

"Yumo! Nimemwandika mwenyewe. Mwambieni anaitwa—"

Bi Zuhura akamziba mdomo kwa kiganja. Karani wa ofisi, mbele ya fundi, mbele ya mnyapara na watu wa foleni. "Usilitaje," akamwambia. "Sasa hivi hapa yuko mlangoni, haijulikani anaingia au anatoka. Usimwite."

Walitazamana. Sijawahi kumwona mwanaume akitazamwa vile. Baba akaingia ndani, nikasikia droo. Akatoka na karatasi ameandika kwa mkono: Majalala Kasiani, mtoto wangu. Akaligonga muhuri. Wino ulikuwa haujakauka Bi Zuhura alipoondoka nalo mbio.

Mimi sikwenda naye. Nilibaki nimeshika nguzo ya baraza, nikamsikia Fundi Deo ndani akisema kwa sauti ya chini, "Karani, njoo uone. Nimefungua, majina yamerudi, lakini si yenyewe. Huyu Salehe imempa mke wa Joakimu. Huyu marehemu imemfufua. Mashine itakuwa imepona machoni, ndani inasema uongo. Tuendelee kushona?"

Nikasikia baba anaweka karatasi mezani.

"Mwanangu mwenyewe nimemwandika mtu ambaye hata zahanati haimpati," akasema. "Hao wengine nimewaandikaje? Yoramu nilimtafuta kwenye kioo, na yeye amesimama mbele yangu." Kiti kikalia. "Futa."

"Una hakika? Sitaweza kurudisha."

"Futa kabla sijaogopa tena."

Nikaingia. Nilisema, "Baba, usifute, watu watakwenda," lakini sauti haikutoka, ulitoka upepo. Fundi Deo akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, kikabaki na namba ndogo za kijani, zinapanda, zinapanda, na kila inayopanda nilijua ni nyumba. Baba alikuwa amesimama, kofia mkononi, kama anavyosimama mtu kaburini. Sikungoja zifike mwisho.

Nilikimbia kwenda laini. Nilikuwa na hakika nitakuta milango wazi na mikeka mitupu. Nikafika laini ya kwanza, nikamkuta Mama Joakimu anapepeta mchele. Nikamgusa mkono. "We mtoto, una wazimu?" Nikamgusa Salehe anayetengeneza baiskeli. Nikamgusa Hawa na mwenzake Sikudhani wanasukana. Nikaenda mlango kwa mlango, namtaja kila ninayemwona, kwa sauti, jina lake na la baba yake, na wengine wananitukana, wengine wanacheka, "Mtoto wa karani leo anaandikisha kura!" Nikafika kwa rafiki yangu Yusta, laini ya tatu, nikamkumbatia mpaka akasema namuumiza. Walikuwapo. Wote walikuwapo, wananuka mkonge na moshi, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba amefutwa.

Zahanati nilimkuta mama amekaa sakafuni, amekuja kumbe, mguu mmoja hauna kandambili. Majalala amelala pajani kwake, pamba imebandikwa pale alipochomwa sindano. Niliweka kiganja kifuani mwake. Kulikuwa kunagonga, lakini polepole, kama mtu asiye na haraka.

"Baba amefuta," nikasema.

Mama akafumba macho. Alilia tu, bila sauti, na Sista Ritha akajifanya anapanga chupa.

Kesho yake baba alitangaza kwamba kila mtu aje dirishani na kipande chake, ile kadi ya kazi ambayo kila mkata mkonge alipewa akaitunza ndani ya mto au kwenye paa. Safari hii hakutazama karatasi za zamani. Alimtazama mtu, akamuuliza jina, akaandika. Mimi nilikuwa nawapelekea maji waliosimama juani, na majina yaliingia masikioni mwangu kutoka asubuhi hadi jioni. Ndiyo yaleyale niliyonayo mpaka leo.

Lakini nisiwadanganye kwamba yote yalikwisha vizuri. Baba yake Yusta alipofungua kasha lake, mchwa walikuwa wamekula kipande chake, kimebaki unga. Baba alimwandika hivyohivyo, na mnyapara akamshuhudia. Mtu wa tajiri alipofika, amevaa miwani ya jua, akataka kuona kadi kwa macho yake. Hakuna kadi, hakuna kazi. Trekta likaja laini ya tatu. Walipelekwa stesheni ya Kilosa kupanda treni ya Kigoma, kwa ndugu ambao Yusta hakuwahi kuwaona. Alinipungia mkono akiwa juu ya godoro. Kwa hiyo hofu yangu mnaweza kuicheka, lakini haikukosea yote.

Sisi tulibaki. Nyumba yetu baba aliiandika mwisho, watu wote walipokwisha. Aliniita ndani, mara ya kwanza kukaa kwenye kile kiti. Akaandika lake, akaandika la mama, akaandika langu. Halafu kidole kikasimama hewani.

"Mdogo wako anaitwa nani?"

Nilimtazama nione kama ananipima. Hakuwa ananipima. Alikuwa anauliza kama alivyowauliza wote.

"Majalala," nikasema.

"Wa nani?"

"Wa Bi Zuhura binti Saidi."

Baba akacheka, cheko la kwanza tangu mashine iugue, akaandika herufi moja moja. Meno ya utoto yalipotoka, mama akasema tungoje yaote mengine. Yalipoota, akasema tungoje aoe. Hakuna aliyeuliza tena.

Neema nilimweleza yote hayo palepale kwenye benchi, na fundi wake akaacha kupuliza akasikiliza. Kompyuta waliifuta, maana ilikuwa haifai. Lakini kwanza Neema alikaa na simu kuanzia mchana, akiwapigia wateja wake mmoja mmoja waje wachukue picha zao na ratiba za misiba yao. Wengine walikuja na bodaboda wakitukana.

Sasa ananichapia haya niliyoyaandika kwa mkono, kwenye mashine ileile iliyoamka haimjui mtu. Majalala anajua. Yuko Magole, analima mpunga, ana kitambi na upara, na jana alinipigia simu. "Dada, weka tu hilo jina, watu wapate utamu. Mimi si nimeshazeeka?"

"Zeeka kwanza nikuone," nikamwambia.

Muda huu Neema ameinua kichwa. "Mama, hapa pa Sista Ritha umeandika kwamba aliita jina. Jina gani? Nikuachie nafasi uje ujaze?"

Nimeitazama mashine. Inanguruma taratibu, ina joto, inanuka kidogo.

"Hapana nafasi hapo, mwanangu," nimemwambia. "Unganisha maneno, uendelee."